Kula kwa saa: kutoka stendi ya Mbinga hadi ufukwe wa Mbamba Bay

Mgeni akishuka stendi ya Mbinga huuliza hoteli ipi ina chakula kizuri. Huku, jibu linategemea saa aliyofika. Migahawa ya mji huu unaizunguka yote kwa miguu, kuanzia stendi hadi sokoni, na karibu kila mmoja una wakati wake wa kung'ara. Ukiuwahi unakula vizuri. Ukiuchelewa unapewa kilichobaki, hata kama mpishi ni yuleyule.

Asubuhi ni ya supu. Mbinga iko juu, na mwezi Juni na Julai baridi yake si ya mzaha, kwa hiyo kuanzia saa moja watu wamejaa kwenye mabenchi, bakuli la supu mkononi, chapati pembeni, ndimu na pilipili vikipokezanwa. Ikifika saa nne sufuria imeinamishwa. Asiyependa nyama ya asubuhi atapata maandazi, vitumbua na mihogo ya kukaanga, na chai ya rangi au ya maziwa.

Hapo pa chai ndipo panaponiumiza. Wilaya hii inaishi kwa kahawa ya arabika. Ada za shule, mabati ya nyumba na mahari vimetoka kwenye miche hiyo, na kiwanda cha kukoboa kahawa kipo hapahapa mjini. Lakini ingia mgahawani uombe kahawa: mara nyingi utaletewa maji ya moto na kopo la unga uliosagwa mbali. Wenye migahawa wa Mbinga, kaangeni kahawa yenu, itwangeni, muiuze kikombe kwa kikombe. Harufu yake pekee itawavuta abiria kutoka kwenye mabasi.

Ukielekea upande wa milima ya Nyasa, Kingerikiti, mambo ni mengine. Hii ni kata iliyokuwa Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na watu wake bado wana mguu mmoja huku na mwingine kule. Usitarajie ubao wa vyakula. Mama ntilie hupika kwa kukadiria watu, basi mgeni mwenye akili hupita mapema, anasalimia, anaagiza, kisha anakwenda kwenye shughuli zake. Mchana atakuta ugali wa mahindi, maharage na majani ya maboga.

Maharage hayo yasikupite hivihivi. Katika vilima vya Umatengo, nchi ya Wamatengo, hulimwa kwa ngolo. Nyasi hukatwa mwezi Machi mvua zikielekea ukingoni, hulazwa kwa mistari inayokatizana kama miraba, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu ya nyasi. Maharage hupandwa kwenye matuta yanayolizunguka shimo. Mvua ikinyesha, shimo linazuia maji yasiubebe udongo bondeni, na nyasi zinaoza kuwa mbolea. Mahindi hufuata msimu unaokuja. Yaani sahani moja ya ugali na maharage ni mazao ya shamba lilelile kwa zamu. Na yakiungwa kwa kitunguu na nyanya tu, bila mbwembwe, hayahitaji nyama. Mwenye hamu ya nyama asubiri msimu wa mavuno ya kahawa, fedha ikiingia mifukoni: jioni kitimoto hukaangwa, na ndizi za kuchoma huwekwa pembeni.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zipatazo 66, sasa ni lami. Zamani masika yakikolea magari yalikwama, na samaki wa Ziwa Nyasa alifika mjini akiwa mkavu. Leo mbichi anapanda mlima siku hiyohiyo. Ni neema kwa Mbinga, ila kwa mlaji wa Mbamba Bay ina maana kwamba samaki wakubwa huondoka mapema. Fika ufukweni asubuhi, mitumbwi inaporudi.

Mji wenyewe ni mdogo. Ufukwe, soko na vibanda vya chakula havichoshi miguu. Nunua samaki mwenyewe, umpelekee mama ntilie, mkubaliane bei ya kupika. Mbasa nampendekeza kwa mchemsho: ndimu, nyanya, pilipili nzima isiyopasuliwa. Ana miiba, kwa hiyo usimle kwa haraka. Masika hupanda mito kwenda kutaga, Ruhuhu ukiwa mmojawapo, na mwenye kulijali ziwa hatamtafuta huko. Magege ni wa kukaanga. Usipa, wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza, wale wabichi, wakaangwe hadi wakauke, pamoja na ugali wa muhogo wa mwambao. Wali na usipa haviendani, hata akwambie nani. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi ukichafua ziwa, kuna siku hakuna kitu. Kula usipa wa kuanikwa wa kuunga na nyanya, nao ni chakula cha heshima.

Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay. Itakapokamilika, vibarua, madereva na abiria wa meli watahitaji kula, na hawa akina mama ndio wanaojua kuwalisha. Halmashauri iwatengee eneo karibu na geti, lenye kivuli, maji ya bomba na choo, kabla viwanja vyote havijagawiwa kwa wengine.