Seva ya bei nafuu yawabana wenye matawi

MFANYABIASHARA anayetaka kununua kampuni nyingine hukagua stoo, madeni na mkataba wa pango. Ni nadra kuuliza ni programu gani inayoendesha kompyuta za ofisi anayoinunua. Jibu la swali hilo laweza kuongeza gharama ambayo haikuwamo katika hesabu za ununuzi.

Mfano mzuri ni Small Business Server, programu ya kampuni ya Microsoft ya Marekani iliyoingia sokoni mwaka 1997. Ilifunga pamoja seva ya mafaili, barua pepe na huduma nyingine za ofisi, kwa bei ya chini kuliko kununua kila kimoja peke yake. Kwa biashara ndogo hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo ilikuja na masharti.

Sharti la kwanza ni idadi. Toleo la mwaka 1997 liliruhusu watumiaji 25, la mwaka 1999 likafikia 50, na la mwaka 2003 likaishia 75.

Sharti la pili ndilo linalowabana wenye matawi. Kila seva ya aina hii husimamia domeini, yaani orodha moja ya watumiaji, maneno yao ya siri na ruhusa zao. Ni lazima iwe ndiyo mkuu wa domeini hiyo. Seva mbili za aina hii haziwezi kukaa katika domeini moja, na domeini yake haiwezi kufunga mkataba wa kuaminiana na domeini nyingine.

Tuseme muuza jumla wa Kariakoo mwenye kompyuta 12 ananunua duka la Mwanza lenye kompyuta 8, na kila upande una seva yake ya aina hii. Njia ya mawasiliano kati ya miji hiyo inaweza kupatikana, hasa tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009. Hata hivyo karani wa Kariakoo hatambuliwi na seva ya Mwanza. Itabidi afunguliwe jina la pili na neno la siri la pili, na akiacha kazi afutwe kote kuwili. Akisahauliwa upande mmoja, mlango wa hesabu za kampuni umebaki wazi.

Lipo na tatizo dogo linalosumbua mafundi. Toleo la mwaka 2003 lilipendekeza namba za mtandao zinazoanza na 192.168.16 kwa kila mteja. Ofisi mbili zilizokubali pendekezo hilo zina namba zilezile, na haziwezi kuunganishwa moja kwa moja mpaka upande mmoja ubadilishwe.

Wapo wanaodhani kwamba programu hii haikubali seva nyingine kabisa. Si kweli. Tawi linaweza kuwekewa Windows Server ya kawaida ndani ya domeini ya makao makuu, nayo ikahifadhi nakala ya orodha ya watumiaji, hivyo wafanyakazi wa tawi wakaendelea kuingia hata mawasiliano yakikatika. Gharama yake ni leseni ya seva hiyo, na seva ya zamani ya tawi kuondolewa. Anayejaribu kukwepa masharti hupewa onyo, na baada ya muda wa hisani seva huanza kujizima yenyewe. Kwa duka, kujizima huko ni mauzo yaliyosimama.

Kwa toleo la mwaka 2003, Microsoft iliuza pia kifurushi cha kuondoa masharti hayo. Mlango huo haumsaidii mnunuzi wa leo. Toleo hilo liliacha kuhudumiwa mwaka 2015, na yale ya 2008 na 2011 yakafuata Januari 2020. Seva ambayo bado inatumia matoleo hayo haipati marekebisho ya usalama. Mrithi wake, Windows Server Essentials, alianza na kikomo cha watumiaji 25 na vifaa 50.

Ofisi nyingi ndogo sasa hulipia huduma za intaneti kama Microsoft 365, ambayo mipango yake ya biashara hufikia watumiaji 300. Matawi yote hutumia orodha moja ya majina. Lakini malipo hapo ni ya kila mwezi au mwaka kwa kila mtumiaji, na intaneti ikikatika kazi nyingi husimama.

Kwa mwekezaji mdogo, mambo ya kukagua kabla ya kutia sahihi ni manne: jina na toleo la programu ya seva, idadi ya leseni, tarehe ya mwisho ya huduma, na gharama ya kuhamisha data. Seva ikionekana kuwa ya kubadilishwa, gharama hiyo ipunguzwe katika bei ya ununuzi, kama inavyopunguzwa ile ya gari lenye injini mbovu.