Bei, chupa na maneno: kuonja wiski za Kanada

Sheria ya Kanada kuhusu wiski ingefaa kusomwa katika somo letu la semantiki. Inadai kwanza mambo yanayopimika: kinywaji kitengenezwe na kuzeeshwa Kanada, kikae katika mapipa ya mbao kwa miaka 3 au zaidi, alkoholi isipungue asilimia 40. Kisha inataka kiwe na harufu, ladha na tabia ambazo kwa kawaida huhusishwa na wiski ya Kanada. Yaani wiski ya Kanada ni ile inayofanana na wiski ya Kanada! Tena inaruhusu chupa iitwe "rye", jina la nafaka ambayo Wafaransa huiita seigle, hata kama ndani yake nafaka hiyo ni kidogo na mahindi ndiyo mengi.

Kwa hiyo anayenunua hununua pia maneno. Je, ulimi unaweza kuyatenga na kinywaji? Nilipokuwa Montréal kwa masomo, wanafunzi sita wa Kongo tulichanga pesa tukanunua chupa nne. Canadian Club na Alberta Premium zilikuwa za bei nafuu, takriban dola 30 za huko kila moja. Lot No. 40 ilikuwa ya kati. Crown Royal XO, ambayo humalizia kuzeeka katika mapipa yaliyobeba konyaki, iligharimu karibu maradufu. (Angalieni: neno "Premium" limekaa kwenye chupa ya bei ya chini.)

Mwenzetu mmoja alimimina chumba cha pili, akatuletea bilauri zenye namba tu. Tulionja kidogo kidogo, maji katikati, na kila mtu aliandika maneno yake kwa Kiswahili kabla ya yeyote kufungua kinywa. Hilo la mwisho ndilo muhimu, maana anayesema kwanza huwaazima wengine maneno yake. Mwaka 2001 Morrot, Brochet na Dubourdieu walieleza katika jarida la Brain and Language jinsi wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo, huko Bordeaux, walivyopewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliwachagulia msamiati.

Kiswahili chetu hakikutuangusha, ila "kali" lilituchosha. Pilipili ni kali, jua kali, mbwa mkali, lutuku kali. Karatasi zote zilijaa ukali usiotofautisha lolote. Neno lililofanya kazi ni "ukakasi", ule ugumu wa ndizi mbichi unaokwaruza ulimi. Watano kati yetu waliliandika kwa bilauri moja: Lot No. 40. Sababu yake inajulikana. Wiski hiyo hutokana na rye tupu na huzeeshwa katika mapipa mapya ya mwaloni, na mti mpya hutoa ukakasi mwingi kuliko pipa lililokwisha kutumika. Hapo pesa ya ziada ilikuwa imenunua kitu kinachoonjeka.

Lakini XO na Canadian Club zilitushinda: watatu walizibadilisha, wakaiita ya bei nafuu "laini, ya heshima". Tuliporudia chupa zikiwa mezani, XO ghafla ikapata asali, matunda makavu, hata "ukubwa". Kinywaji kilikuwa kilekile. Kwa maoni yangu, "laini" ndilo neno la kuogopwa kuliko yote katika biashara hii, kwa kuwa halikanushiki.

Wajuzi nao hawafuati bei daima. Katika kitabu chake cha mwaka 2016, Jim Murray aliipa Crown Royal Northern Harvest Rye nafasi ya kwanza duniani, nayo huuzwa Kanada kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu.

Asiyekunywa pombe anaweza kufanya jaribio hilihili kwa chai nne. Ahitaji mmiminaji asiyesema kitu, namba chini ya vikombe, na karatasi zinazokusanywa kabla ya mazungumzo.