Panya Hangoji Sindano

Mwezi Julai 2022, homa ya mgunda ilizuka wilayani Ruangwa, Lindi: wagonjwa 20 waliripotiwa, na 3 kati yao walifariki. Huenezwa na maji yenye mkojo wa panya na wanyama wengine.

Ndugu zetu wa Kome na Maisome waweza kuuliza: je, tuchanjwe? Chanjo ipo Ufaransa, nayo hutolewa kwa hiari kwa wafanyakazi wa mifereji ya maji machafu. Lakini hukinga jamii moja tu ya vijidudu hivyo, ilhali ni nyingi. Hata aliyechanjwa hana budi kujihadhari.

Basi viongozi wa Sengerema wasiingojee. Taka zizolewe, chakula kifunikwe, wakulima wa mpunga wavae viatu vya mpira, na mwenye homa awahi zahanati, kwani ugonjwa huu hutibika.