Ng'ombe Wako ni Tasa, au Siku Zimekupita?



Katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa, tulikokuwa tukisimamia madarasa ya kisomo, mzee mmoja mwanakisomo aliuza ng'ombe wake jike kwa mchinjaji. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa mara moja tu. Baada ya hapo alikaa miaka mitatu bila kuzaa. Majirani walimwambia mzee, "Huyo ni tasa. Anamaliza majani bure." Mzee akakubali, akamuuza kwa bei ya nyama.

Asubuhi ya kuchinja tulikuwa tukipita hapo tukienda darasani. Tumbo lilipopasuliwa, ndani alikutwa ndama. Alikuwa jike. Kwato zilikuwa zimekwisha kuumbika, na manyoya yameanza kuota kwenye kope na mdomoni. Bwana Mifugo alimtazama akasema, "Huyu ana miezi mitano." Watu wote walinyamaza. Mzee aligeuka akaenda zake nyumbani.

Jioni ile hatukufundisha somo tulilokuwa tumepanga. Tulizungumza juu ya ng'ombe mpaka giza likaingia. Tumeona vizuri tuyaandike mazungumzo hayo hapa, kwa sababu tunajua vijijini kuna ng'ombe wengi wanaoitwa tasa, na kumbe si tasa.

JOTO LA NG'OMBE

Ng'ombe jike hawezi kushika mimba siku yoyote. Anashika mimba anapokuwa katika joto, yaani wakati mwili wake unapohitaji dume. Joto hili si homa. Linakuja, linapita, halafu linarudi baada ya siku 21 hivi. Kwa ng'ombe wengine hurudi siku ya 18, kwa wengine siku ya 24. Akishika mimba, joto haliji tena mpaka azae.

Sasa sikilizeni jambo linalotuponza. Joto lenyewe halikai siku nzima. Kwa ng'ombe wa kizungu hukaa saa 12 hadi 18. Kwa ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu huwa fupi zaidi, pengine saa 10 tu, na mara nyingi huja usiku. Ng'ombe anaingia katika joto watu wakiwa wamelala, na jua likichomoza limekwisha. Wewe umekosa siku hiyo, basi umekosa siku 21 nyingine. Ukikosa mara nne, karibu miezi mitatu imekwenda na ng'ombe anakula tu.

Dalili za joto ni hizi. Ng'ombe hatulii, analia mara kwa mara, anawapanda wenzake. Sehemu yake ya uzazi huvimba kidogo, na ute mweupe unaong'aa kama ute wa yai hutoka na kuning'inia mkiani. Maziwa hupungua siku hiyo. Lakini dalili kubwa kuliko zote ni moja: akipandwa na ng'ombe mwenzake, anasimama. Hakimbii. Yule anayepanda anaweza asiwe katika joto, lakini yule anayesimama na kukubali kupandwa, huyo ndiye.

Darasani tuliuliza nani huziona dalili hizi kwanza. Wanaume walijibu haraka kwamba ni wao wenye mifugo. Mama mmoja akacheka, akasema, "Ninyi mnawahesabu tu. Ute tunauona sisi tunaokamua." Wote wakacheka, lakini mama yule alisema kweli. Kuna na mtu mwingine anayejua zaidi, naye ni mtoto anayechunga. Yeye huona ng'ombe wakipandana mchana kutwa, ila anaona haya kumweleza baba yake. Mwulize kila jioni, tena mwulize kwa upole. Usimgombeze wala usimcheke. Hii ni kazi kama kazi nyingine.

Wewe mwenyewe watazame ng'ombe alfajiri kabla hawajatoka zizini, na jioni wakisharudi na kupumzika. Nusu saa kila mara inatosha. Wakati wa kula majani dalili hazionekani vizuri.

Pengine utaona damu kidogo mkiani. Wengi hufikiri ni ugonjwa, au mimba imetoka. Mara nyingi sivyo. Damu hiyo hutoka siku ya pili au ya tatu baada ya joto kupita. Maana yake umechelewa. Iandike tarehe hiyo, na baada ya siku 16 anza kumchunguza tena.

DUME AU MRIJA

Ukimwona katika joto asubuhi, mpeleke kwa dume au mwite mhimilishaji jioni ya siku hiyo. Ukimwona jioni, iwe kesho yake asubuhi na mapema. Tunachelewesha hivyo kwa sababu yai la ng'ombe hutoka baada ya dalili za joto kwisha, na mbegu za dume zinatakiwa ziwe tayari zinalisubiri.

Uhimilishaji ni kumpandisha ng'ombe kwa mrija badala ya dume. Mbegu hukusanywa kutoka kwa madume bora na kugandishwa katika baridi kali mno, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapa Tanzania kituo cha taifa cha kazi hiyo kiko Usa River, mkoani Arusha. Faida yake ni kwamba hulishi dume, na magonjwa ya kuambukizana kwa kupandana hayaingii zizini kwako. Lakini angalia: mtamba mdogo wa kienyeji usimpandishe kwa mbegu za ng'ombe wa aina kubwa. Ndama atakuwa mkubwa, na mtamba anaweza kufa wakati wa kuzaa. Mweleze mhimilishaji umbo la ng'ombe wako kabla hajachagua mbegu.

Wenye dume nao wana kosa lao. Dume mmoja hukaa zizini miaka mingi mpaka anawapanda binti zake mwenyewe. Ndama wa namna hiyo mara nyingi huwa dhaifu. Badilishaneni madume na kijiji kingine kabla binti zake hawajafikia kupandwa, na madume wadogo msiowahitaji wahasiwe. Bwana Mifugo awapime kwanza madume mnaoleta, maana dume mgonjwa huwaambukiza majike wote.

DAFTARI

Hapa ndipo kisomo kinapoingia zizini. Tuliwaambia wanakisomo wachukue daftari, kila ng'ombe apewe ukurasa wake. Hebu tufanye hesabu pamoja kama tulivyofanya ubaoni.

Tuseme ng'ombe wako amepandwa tarehe 12 Machi. Andika. Ongeza siku 21, unapata tarehe 2 Aprili. Siku hizo, tangu 30 Machi mpaka 5 Aprili, mchunguze sana. Akirudi katika joto, hakushika mimba, mpandishe tena. Asiporudi, kuna matumaini. Baada ya miezi mitatu mwite Bwana Mifugo ampime kwa mkono. Mzee wetu angefanya hivyo tu, asingeuza ng'ombe na ndama kwa bei ya ng'ombe mmoja. Ng'ombe wake alipandwa na dume la watu huko lamboni, na hakuna aliyeona wala kuandika.

Mimba ya ng'ombe ni kama miezi tisa na siku kumi. Kutoka 12 Machi hesabu miezi tisa, unafika 12 Desemba. Ongeza siku kumi: 22 Desemba. Hapo ndipo umtarajie kuzaa. Anaweza kutangulia au kuchelewa siku chache.

Sasa rudi nyuma miezi miwili kutoka 22 Desemba. Ni 22 Oktoba. Siku hiyo acha kumkamua. Tunajua jambo hili ni gumu, maana maziwa ni mboga na ni ada ya shule. Lakini miezi hiyo miwili ndama hukua haraka kuliko miezi yote iliyopita, na kiwele nacho kinatengenezwa upya. Ukimkamua mpaka siku ya kuzaa, mwakani atakupa maziwa kidogo.

Akizaa 22 Desemba, mpe siku 60 tumbo lake lirudi sawasawa. Unafika 20 Februari. Kuanzia hapo chunguza joto. Akipandwa na kushika mimba tarehe 12 Machi, ni mwaka mzima tangu alipopandwa mara ya kwanza. Basi atazaa tena Desemba. Huo ndio mwendo unaotakiwa, ndama mmoja kila mwaka.

Mwanakisomo mmoja aliuliza, "Kwani akikaa miaka miwili maziwa si yanaendelea?" Swali zuri. Maziwa ya ng'ombe hupanda baada ya kuzaa, yanafikia kilele mwezi wa kwanza au wa pili, kisha yanashuka kidogo kidogo. Ng'ombe asiyezaa kwa muda mrefu unamkamua mkiani mwa maziwa. Unaamka alfajiri ileile, unapata kikombe badala ya lita. Na ng'ombe wetu wengi wa asili hukauka kabisa kabla ya mwaka kwisha.

MBONA WENGINE HAWAONYESHI JOTO?

Hapa hatutaki kuwadanganya. Daftari peke yake halishikishi mimba. Ng'ombe aliyekonda, ambaye mbavu zake unazihesabu ukiwa mbali, hataonyesha joto. Mwili wake unasema chakula kilichopo ni cha kuishi tu, si cha kulea mimba. Hasa yule anayenyonyesha wakati wa kiangazi. Mpe mabua uliyohifadhi baada ya mavuno, mpe pumba au mashudu ya pamba kama yapo, na chumvi ya kulamba. Maji apate kila siku. Na uanze kumlisha vizuri kabla hajazaa, maana akisha kukonda ni kazi kumrudisha.

Mtamba naye asipandishwe kwa kuhesabu miaka, bali kwa mwili. Afikie kama theluthi mbili za uzito wa mama yake ndipo apandwe. Mwenye kulishwa vizuri hufika mapema. Aliyeachwa anaweza kufikisha miaka minne ndipo azae mara ya kwanza.

Lipo na jambo ambalo wazee walilijua zamani: pacha jike aliyezaliwa pamoja na dume mara nyingi huwa tasa kweli. Wakiwa tumboni damu zao huchanganyika, na jike huharibika viungo vya uzazi. Huyo mlishe kwa ajili ya nyama, usimsubiri.

SIKU YA KUZAA

Chupa ya maji ikishatoka, tazama. Ndama mzuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua juu yake. Ukiona mguu mmoja tu, au mkia, au saa mbili zimepita hakuna kinachoendelea, mwite Bwana Mifugo. Usifunge kamba ukavuta na vijana wanne. Tumeona ng'ombe akifa hivyo.

Ndama akizaliwa, futa ute puani, paka kitovu dawa ya madini joto, halafu anyonye dang'a. Asipite saa sita kabla hajanyonya. Ndama huzaliwa hana kinga ya magonjwa hata kidogo, kinga yote imo katika dang'a, na baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea. Wako wanaomwaga dang'a wakisema ni chafu kwa kuwa ni ya njano. Wanamwaga uhai wa ndama.

Kondo la nyuma hutoka lenyewe, kwa kawaida kabla ya saa 12. Likizidi siku moja, mwite Bwana Mifugo. Usilivute wala kulifungia jiwe.

Na ng'ombe akitupa mimba, usishike kitu kwa mikono mitupu. Uko ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosisi, unaowapata na watu. Mtu hupata homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Vaa glavu au mifuko ya plastiki, choma au fukia shimo refu mbwa wasifukue, na ng'ombe apimwe. Maziwa yachemshwe, ya ng'ombe yeyote, siku zote.

Mwaka uliofuata tulipita tena nyumbani kwa yule mzee. Bado alikuwa na ng'ombe jike wawili. Mkewe, ambaye naye alisomea kisomo darasa lile lile, alitoa daftari kutoka chini ya mto wa kitanda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: SHINGO NYEUPE. AMEPANDWA 3 JUNI. TAZAMA 24 JUNI. Chini yake: HAKURUDI. Na chini ya hapo, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe, uliopinda kidogo: 13 MACHI.