Ploti nyembamba isikunyime hewa na mwanga

UMENUNUA ploti Githurai, Kayole, Kitengela au Bamburi, na sasa unatafuta mtu wa kukuchorea ramani ya nyumba ya jamii yako. Ploti yenyewe ni futi 25 kwa 60. Jambo la kwanza utakaloulizwa na fundi ni unataka vyumba vingapi. Hilo ni swali zuri, lakini lisiwe la kwanza. Swali la kwanza ni hili: hewa na mwanga vitaingilia wapi?

Wenye ploti pana ya futi 50 kwa 100 hawana haja ya kusumbuka sana na swali hilo kwa sababu nyumba yao inaweza kuwa na madirisha pande zote nne. Wewe una pande mbili tu za kutegemea, yaani mbele na nyuma. Dirisha utakaloweka ubavuni litakuwa na faida hadi siku jirani atakapoanza kupandisha ukuta wake, na akijenga ghorofa nne au tano, chumba chako kitakuwa pango. Taa itawashwa saa sita mchana. Nguo zitakaukia ndani. Kuta zitaota ukungu.

Madhara ya nyumba ya aina hiyo huonekana kliniki. Ukungu na unyevu huamsha pumu na kuwafanya watoto wakohoe usiku kucha. Kifua kikuu nacho huenezwa kwa hewa: mgonjwa anapokohoa, viini hubaki vikielea chumbani, na wanaolala humo huvivuta. Chumba kinachopitisha hewa huvipunguza viini hivyo, na jua huviua. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma humu nchini, lakini tiba ya kawaida huchukua miezi 6, na ni afadhali dirisha lifanye kazi yake mapema. (Mtu aliye na kikohozi kisichokoma kwa wiki mbili asingoje nyumba imalizike kujengwa, aende akapimwe.)

Moshi ni adui mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani unaotokana na kuni, makaa na mafuta ya taa ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020. Makaa hutoa pia gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Ndiyo huwaua watu wanaoingiza jiko chumbani wakati wa baridi ya Julai, wakafunga mlango na madirisha, wakalala.

Basi utafanyaje na ploti yako ya futi 25? Jibu walikuwa nalo watu wa Pwani tangu zamani. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya Turathi za Ulimwengu mwaka wa 2001, nyumba za mawe zimebanana ukuta kwa ukuta na vichochoro ni vyembamba mno. Hata hivyo, ndani ya nyumba kuna kiwanda, yaani ua mdogo usioezekwa, na humo ndimo mwanga na hewa huteremka hadi vyumbani. Nyumba hupumua kupitia juu, si ubavuni.

Fanya vivyo hivyo. Tuseme mbele unaacha futi 8 kwa lango na kibaraza. Kisha inakuja sebule yenye kina cha futi 14, upana wote wa nyumba, pamoja na mahali pa meza ya kulia. Nyuma yake ni sehemu ya katikati yenye urefu wa futi 16. Hapo, ubavu mmoja unaweka jikoni na, nyuma ya jikoni, bafu na choo, vyote vikiwa na upana wa futi 9. Ubavu wa pili unaweka ujia wa futi 4 wa kuelekea vyumba vya kulala. Kati yao unabakiza ua wa futi 10 kwa 16 ulio wazi juu. Kisha vyumba viwili vya kulala, kila kimoja futi 11 kwa 12, na mwishoni nafasi ya futi 6. Futi chache zilizosalia zitamezwa na kuta.

Wapo watakaokuambia kwamba huo ua ni kupoteza ardhi na kwamba hapo pangetoka chumba cha tatu. Usiwasikize. Chumba hicho kingekosa dirisha na kingeviharibu vyumba vyote vilivyokizunguka. Ukiwa na ua, kila chumba cha kulala kinapata dirisha upande wa nyuma na jingine upande wa ua, hivyo hewa inaingia huku na kutokea kule. Jikoni inapata dirisha na mlango wake, na choo hakinuki ndani. Bati litokeze kuzunguka ua ili anayekwenda chooni usiku asinyeshewe. Ukipata pesa za kuongeza vyumba, panda juu ya vyumba vya nyuma, ua uache.

Kuhusu ukubwa wa madirisha, kipimo kizuri ni dirisha lisilopungua sehemu 1 kwa 10 ya sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Chumba cha futi 11 kwa 12 kinataka dirisha la kama futi 4 kwa 3 na nusu. Juu ya dirisha acha matundu ya hewa, kwa maana hewa moto hupanda. Wengi wetu huyaziba matundu hayo kwa magazeti makuukuu, pengine hata gazeti hili, tukidai baridi. Kama ni mbu unaowaogopa, hasa Pwani na nyanda za Ziwa, weka wavu. Mbu wa malaria hupenda kuingilia pale ukuta unapokutana na paa. Paki hapo dari au wavu pia.

Jua la kwetu, tulio karibu na ikweta, huchomoza mashariki na kutua magharibi mwaka mzima bila kupotoka sana. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, vyumba vya kulala vielekee mashariki vipate jua la asubuhi. Ukuta wa magharibi hunyonya joto la alasiri na kulitoa usiku, jambo ambalo mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa.

Jikoni, ikiwa mnatumia makaa au kuni, jenga dohani ipite juu ya paa. Mtungi wa gesi ukae nje uani: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hulala sakafuni ikingoja kiberiti. Ngazi ya kwenda juu iwe na upana wa futi 3, vidato vilivyo sawa na kishikio imara. Chumba kimoja cha chini kiwe cha nyanya au babu.

Limebaki jambo la maji taka. Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi kati ya kisima na choo cha shimo ni mita 30, yaani karibu futi 100. Ploti yako nzima ina urefu wa futi 60. Kwa hivyo hata ukipima vipi, choo cha shimo na kisima cha maji ya kunywa haviwezi kukaa pamoja hapo, na choo cha jirani kiko hatua chache tu kutoka kwako. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza humu nchini Oktoba 2022 uliwakumbusha wengi jinsi maji machafu yanavyosafiri. Tafuta maji ya mfereji au tangi la mvua, na yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa. Ikiwa hakuna bomba la maji taka mtaani, tangi la maji taka lichimbwe mbele, karibu na lango, na mfuniko wake uwe mahali ambapo mpira wa lori la kunyonya uchafu utafika. Likichimbwe nyuma, mpira huo utapitishwa sebuleni kila linapojaa. Mwonyeshe mchoraji mahali hapo kabla ramani haijapelekwa kaunti kuidhinishwa.