Hemoglobini 12: kwa mama ni sawa, kwa baba ni upungufu

Karatasi ya labo imeandikwa: hemoglobini 12. Ni nzuri ao ni mbaya? Yote inategemea damu hiyo ni ya nani.

Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita. Kwa mwanaume ni chini ya 13. Kwa hiyo mama mwenye 12 amepita, hata kama ni kwa shida. Bwana yake mwenye 12 hiyo hiyo amepungukiwa damu.

Wakiwa bado watoto, binti na kijana wanalingana. Wakishakomaa, homoni ya kiume inasukuma mafigo na uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Binti naye anaanza kuona mwezi: wastani mililita 30 mpaka 40 za damu kila mara, na chuma kinatoka pamoja nayo. Mwanaume anapoteza chuma kidogo sana, kwani chembe nyekundu inaishi siku karibu 120 na ikikufa, mwili unaokota chuma chake na kukitumia tena.

Mama akiisha kukoma kuona mwezi, akiba yake ya chuma inaanza kupanda. Baba, homoni yake inashuka polepole, na damu inashuka kidogo. Uzeeni wanakaribiana.

Lakini ni kidogo! Hapo ndipo jamaa nyingi zinakosea. Muzee wa miaka 65 anachoka, anahema akipanda mlima, watu wanasema: ni uzee tu. Uzee peke yake hauteremshi damu mpaka 8 ao 9. Mara nyingi kuna kidonda cha tumbo, figo zenye kuchoka, minyoo, ao kansa ya matumbo yenye kuvuja damu kimya kimya. Vidonge vya maumivu ya magoti, kama diklofenake na ibuprofene, ambavyo wazee wanameza kila siku bila kumuona munganga, navyo vinaweza kutoboa tumbo. Choo cheusi kama lami ni alama ya haraka ya hopitali (vidonge vya chuma pia vinafanya choo kiwe cheusi, basi mwambie munganga kama unavimeza).

Wakaaji wa Bukavu, Goma na Butembo wako na jambo lingine. Huku juu, zaidi ya mita 1,400, hewa ni nyepesi na mwili unaongeza damu, kwa hiyo OMS inapandisha mpaka. Baba mwenye 13 kamili anaweza kuwa sawa kule Kindu, na kuwa na upungufu hapa Bukavu.

Na maji mekundu ya nyanya na sukari? Rangi haitengenezi damu. Ndagala, maini, maharagi na sombe vinasaidia zaidi, na chai ingojee saa moja ao mbili kisha chakula, sababu inazuia chuma kuingia. Kwa muzee ambaye damu imeshuka sana, ulizo la kwanza kwa munganga ni hili: inatokea wapi?