Kabla Hujaiuza Meza ya Mavyaa

Mwaka jana tulimtembelea mama mwenzetu huko Wete, kisiwani Pemba, tukamkuta katika mtihani. Mavyaa yake alikuwa amefariki, na matanga yalipokwisha ndugu walikaa kugawana vitu vya nyumbani. Palikuwa na meza ya kulia ya mviringo, viti sita na kabati la vyombo lenye vioo. Wifi akataka viti, shemeji akataka meza, na kabati hakuna aliyelitaka kwa sababu mlango wake haukufunga sawasawa. Maneno hayajakwisha, akatokea mnunuzi aliyevuka kwa boti kutoka Unguja. Alivitazama vile viti kwa dakika chache, akataja bei inayotosha kununua viti sita vya plastiki, akasema atarudi Ijumaa.

“Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?” mama yule alituuliza. Tukamwambia kwanza tuipindue meza, miguu juu.

Labda msomaji atashangaa kusikia habari za meza ya kulia kutoka Pemba. Ni kweli, watu wengi kisiwani hula wamekaa juu ya mkeka, sinia katikati, na hatuoni ubaya wowote katika desturi hiyo njema. Meza ziliingia katika nyumba chache: za wenye mashamba ya karafuu, za wafanyabiashara wa Kihindi, za maofisa wa serikali na za misheni. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu mikarafuu ya Unguja kuliko ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Fedha ya karafuu ilileta vyombo vya mbali. Wamisionari wa Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, walianza kazi yao Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipopoteza nguvu ya sheria Zanzibar. Kisha, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zilihama, na vyombo vyao vikauzwa, vikagawiwa au vikaachwa. Kwa hiyo meza iliyomo ndani mwako huenda imepita mikono mingi. Waulize wazee wangali hai: nani aliileta, na kutoka wapi? Andika majibu kwenye karatasi, uibandike chini ya ubao. Sisi tumechelewa kuwauliza wa kwetu.

Basi tuliipindua meza ya Wete. Upande wa chini haukupigwa polishi, na hapo ndipo mbao husema kweli. Alama za msumeno zilikuwa mistari iliyonyooka, yaani ilipasuliwa kwa mkono. Msumeno wa mashine wa duara huacha alama zilizopinda kama mwezi mchanga. Halafu tulichukua kamba tukaipima meza. Upana wake kwa upande mmoja ulipungua kidogo kuliko upande wa pili. Shemeji alicheka akasema fundi alikosea. Hakukosea. Mbao hunywea kwa mapana yake zaidi kuliko kwa urefu, hivyo meza ya mviringo ya mbao tupu, ikikaa miaka mingi, huacha kuwa duara kamili. Meza ya plaiwudi haifanyi hivyo.

Seremala wa jirani alikwangua kidogo pembeni, mahali pasipoonekana, akaona rangi ya manjano chini ya ule wekundu. “Mfenesi huu,” alisema. Mbao za mfenesi huanza na manjano, na kwa miaka huiva zikawa nyekundu ya kahawia hata mtu akadhani ni mninga. Kumbe meza haikutoka ng'ambo, ilitengenezwa papa hapa visiwani.

Viti ndivyo vilivyotoka mbali. Vilikuwa vyepesi, miguu na mgongo wa fito za mviringo zilizokunjwa, kikalio cha henzirani. Wifi alipopitisha kidole chini ya ukingo wa kikalio alikuta jina limegongwa kwa muhuri: Thonet. Michael Thonet alikuwa fundi wa Vienna, Austria, aliyekunja mbao kwa mvuke, na kiti chake namba 14 kilitoka mwaka 1859. Kilikuwa na vipande sita tu vya mbao na skrubu kumi, na viti 36 vikifunguliwa viliingia katika sanduku moja la mita moja kila upande. Ndiyo maana viliweza kusafiri kwa meli hata kufika pwani yetu. Wengine walimwiga, kwa hiyo kiti kisicho na jina si lazima kiwe cha Thonet, lakini si cha kutupwa. Yule mnunuzi, bila shaka, alikwisha kupitisha kidole chake.

Mama yule aliposikia hayo alishika kichwa. Viti viwili kati ya sita alikuwa amevipiga msasa na kuvipaka rangi ya mafuta ya buluu kwa ajili ya harusi ya binti yake. Jina lilikuwa limekwenda na msasa. Tusimcheke, nani kati yetu hajafanya kama hayo?

Kwa hiyo usipige msasa kabla ya kujua kilichopo. Chovya pamba katika spiriti, gusa mahali pa kificho. Ikinata, hiyo ni polishi ya zamani, na fundi anaweza kuihuisha bila kuikwangua yote. Kwa usafi wa kila siku kitambaa kilichokamuliwa vizuri kinatosha, kisha kikavu. Mara mbili kwa mwaka, nje ya masika, paka nta ya nyuki kidogo sana, usugue mpaka mkono uchoke. Ukitumia mafuta ya kitani, tandaza kile kitambaa nje kikauke; kikikunjwa kikiwa kimelowa mafuta hupata moto chenyewe na kinaweza kuwaka.

Henzirani iliyolegea hairekebishwi kwa kukazwa na msumari. Pindua kiti, lowesha henzirani kwa chini kwa maji ya moto, uache ikauke kivulini. Itajikaza yenyewe, ila kama imekwisha kukatika. Mguu unaocheza pia usiupigie msumari, kwani msumari hupasua mbao. Gundi ya zamani hulainika kwa maji ya vuguvugu, hivyo fundi anaweza kuufungua mguu na kuugundisha upya.

Vitundu vidogo vyeusi visivyotoa kitu ni vya zamani. Ukiona unga mweupe mpya chini ya kiti asubuhi, dumuzi wamo. Mafundi hudunga mafuta ya taa kwa sindano, kitundu kwa kitundu. Fanya hivyo nje, mbali na jiko na watoto, na usinyunyize sumu juu ya meza mnayolia. Na kama meza yako ina marumaru juu, weka ndimu na achari kwenye sahani. Tindikali hula marumaru, na baka lake halitoki kwa sabuni.

Ijumaa mnunuzi alirudi. Alikaribishwa kahawa, akaketi, na kabla hajaulizwa akaongeza bei mara tatu. Shemeji alimtazama wifi. Wifi alisema viti havitoki. Wakakubaliana meza ibaki Wete kwa mama na viti vyote sita viende kwa wifi Chake Chake, vile vya buluu pamoja na vingine. Kabati walipewa vijana wa shemeji, na mlango ulifunga mara tu bawaba moja ilipokazwa.

Krismasi iliyopita tulialikwa. Viti vilifika juu ya keria ya daladala, vimefungwa kwa kamba na kufunikwa kanga mbili, na wifi alishuka akivihesabu kimoja kimoja kabla ya kutusalimu.